Injini ya V8 ya barabarani isijengwe kwa kufukuzia namba

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala ya ukurasa wako wa magari iliyoeleza namna ya kuijenga upya injini ya V8 (yenye silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V) ya gari la Marekani la miaka ya 1960. Namshukuru mwandishi kwa kulileta jambo hili mbele ya wasomaji, lakini nalazimika kuupinga ushauri wake mkuu, kwamba mwenye gari aamue kwanza anataka nguvu za farasi ngapi, kisha anunue vipuri vya kuifikia idadi hiyo. Kwa gari la mashindano ya kukimbia mstari mmoja ulionyooka ushauri huo una mantiki. Kwa gari la kwendea kazini na kurudi jioni, ndio unaoniletea gereji injini zilizokufa kabla hazijatimiza mwaka tangu zifanyiwe ovahoo.

Namba zenyewe za zamani zinahitaji kusomwa kwa tahadhari. Injini ya LT-1 ya Chevrolet Corvette, yenye ujazo wa lita 5.7, ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 330 mwaka 1971 na 255 mwaka 1972, ilhali uwiano wa mgandamizo, yaani kiasi ambacho mchanganyiko wa hewa na mafuta hubanwa ndani ya silinda, ulibaki 9 kwa 1. Kilichobadilika hasa ni upimaji: awali injini ilipimwa juu ya stendi bila kichujio cha hewa wala ekzosi ya gari, na baadaye ikapimwa ikiwa imevalishwa vyote inavyobeba barabarani. Anayeifukuzia leo ile 450 iliyotangazwa kwa Chevelle SS 454 ya mwaka 1970 anakifukuzia kipimo cha stendi.

Kosa kubwa zaidi hufanyika kwenye kemushafti, yaani shafti yenye nundu zinazofungua na kufunga valvu. Chukua gari ambalo tairi lake lina mzingo wa mita 2.1 na difu ya uwiano wa 3.50, likienda kilomita 100 kwa saa katika gia ya moja kwa moja, injini yake huzunguka karibu mara 2,800 kwa dakika. Mwenye gari hilo akifunga kemushafti ambayo huanza kufanya kazi vizuri kwenye mizunguko 3,000, atakuwa amenunua kipuri ambacho safari zake za kawaida zitakifikia kwa nadra. Kemushafti ya aina hiyo huchelewa kufunga valvu za kuingizia, hivyo kwenye mizunguko ya chini pistoni inapopanda huurudisha mchanganyiko wa hewa na mafuta kwenye manifoldi, yaani njia ya kuingizia mchanganyiko huo. Gari halishiki silensa (mzunguko wa taratibu wa injini bila kukanyaga mafuta), kabureta haivuti mafuta sawasawa, na busta ya breki, inayotumia uvutaji wa hewa wa manifoldi kumsaidia dereva kukanyaga, hukosa uvutaji wa kutosha, hata dereva akajikuta anaikanyaga pedali kwa nguvu zake zote. Hilo la breki ni suala la uhai wa watu, na makala haikuligusa.

Naomba nafasi kidogo nieleze pia namna kemushafti mpya inavyouawa siku ya kwanza, kwa sababu nimeona jambo hili mara nyingi na kila mara limenisikitisha. Katika injini za zamani tapeti (vipande vinavyosukumwa na kemushafti ili kufungua valvu) hukaa moja kwa moja juu ya nundu za kemushafti na hutakiwa kuzunguka taratibu ili zisilike. Nundu hizo hupata oili inayorushwa na krankishafti (shafti inayozungushwa na pistoni), na krankishafti hairushi oili ya kutosha injini inapokuwa kwenye silensa. Kwa hiyo injini ikiwaka mara ya kwanza lazima ipandishwe mara moja hadi mizunguko kati ya 2,000 na 2,500 na idumishwe hapo kwa dakika 20 au 30, ikiwa na oili yenye zinki na fosforasi ya kutosha, viungo ambavyo vimepunguzwa katika oili nyingi za magari ya kisasa. Niliwahi kuikata filta ya oili ya injini iliyokuwa na siku chache tu, ambayo mwenyewe aliiacha ikinguruma kwenye silensa ili marafiki wausikilize mlio wake. Katika mikunjo ya karatasi mlikuwa na unga wa chuma unaong'aa, laini kama poda. Nundu mbili zilikuwa zimelika hadi kuwa karibu mviringo, na unga ule ulikuwa umekwisha kuzichora beringi zote.

Uimara wenyewe hupatikana kwenye vipimo. Silinda yenye kipenyo cha milimita 101.6 huhitaji uwazi wa takriban milimita 0.46 kati ya ncha za ringi ya juu ya pistoni, kwa injini ya barabarani yenye nguvu ya wastani. Ringi zikibanwa kuliko hapo, ncha zake hugusana zikipata joto na huweza kuivunja pistoni. Beringi za krankishafti hutaka nafasi ya oili ya karibu milimita 0.06. Fundi anayeziamini beringi kwa sababu tu zimetoka kwenye boksi jipya hajamaliza kazi yake.

Kuhusu mafuta nitasema machache. Petroli ya enzi zile ilikuwa na risasi iliyovilinda viti vya valvu, na Marekani iliipiga marufuku kabisa kwa magari ya barabarani kuanzia mwaka 1996. Silinda hedi za zamani za chuma zikifunguliwa ni vyema zitiwe viti vigumu vya valvu za kutolea moshi, na mgandamizo usizidi sana 9.5 kwa 1, la sivyo injini itagonga, yaani mafuta yatalipuka ovyo ndani ya silinda, kila inapopanda mlima.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba gazeti likichapisha tena matokeo ya kupima injini ya namna hii, lichapishe pia nguvu ya kuzungusha kuanzia mizunguko 2,000 kwenda juu, pamoja na kiwango cha uvutaji wa manifoldi injini ikiwa kwenye silensa, ili msomaji anayetaka kuijenga aione injini yote kabla hajanunua kipuri hata kimoja.

Wako mtiifu,
Fundi wa injini na msomaji wenu