Barua kwa mwanangu anayekwenda kutengeneza trela

Mwanangu Neema,

Shikamoo yako nimeipata kwa dada yako, marahaba. Ila la mkataba hukulijibu. Umesaini, au umeambiwa tu "njoo, tutaelewana"?

Uliposema Nairobi unakwenda kutengeneza trela, nilidhani ni gereji ya mabodi, nikatangaza hadi kijiweni. Wamenicheka wiki nzima. Ikabidi nimfuate mwalimu mstaafu hapa jirani, anayajua mambo hayo. Kumbe trela lako ni kile kipande kifupi cha kutangaza sinema, na neno ni lile lile moja. Kwa Kiingereza trela ni kinachokokotwa nyuma: kichwa mbele, mzigo unafuata. Na za sinema nazo zamani zilibandikwa mwishoni mwa mkanda, picha ikiisha ndipo unaonjeshwa inayokuja. Mwaka 1913 kule New York, Nils Granlund, mtu wa matangazo wa majumba ya Marcus Loew, alitengeneza kipande kama hicho kutangaza mchezo wa jukwaani. Lakini picha ikiisha watu huinuka, nani abaki kutazama tangazo? Wakazihamishia mbele, jina likabaki la nyuma. Mimi miaka 26 ya Tunduma na Dar sijaona trela likitangulia kichwa, ila siku ya ajali.

Ndiyo maana nauliza mkataba. Kazi itangulie, hela ikokotwe nyuma? Hapana. Kile kipande cha harusi ya binamu yako nimekitazama mara nne, na mara ya nne nilitoka nje nisionekane. Una mkono, sikatai. Lakini ulilipwa nini? Pilau.

Tajiri wangu wa mwisho nilimpigia safari tatu kwa neno la mdomo. Muhula ule uliokaa nyumbani, mama yako akakwambia shule imechelewa kufungua. Shule haikuchelewa.

Waandike kiasi, waandike na tarehe. Wakisema "sisi ni familia", uliza tena.

Begi nimelipakia kwenye basi la asubuhi pamoja na barua hii. Zipu imekufa, nimeifunga kwa waya, usiivute. Mbuzi wa mama yako kazaa pacha, mmoja dhaifu, tunamnyonyesha kwa chupa. Gesi imeisha tangu Jumanne, tumerudi kwenye mkaa.

Mkataba upige picha umtumie dada yako kabla hujapanda gari. Simu yangu kioo kimepasuka, inapokea sauti tu.

Baba yako