Utafiti wa walimu wa uzamili ukwepe miezi ya mitihani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala kuhusu walimu wa Tanzania wanaosoma shahada ya uzamili ya elimu huku wakifundisha. Wanapochelewa kuhitimu, lawama nyingi huelekezwa kwenye ada. Ada ni mzigo kweli, lakini wapo wanaomaliza kozi zote wakaja kukwama kwenye tasnifu, yaani andiko la utafiti la kuhitimu, na chanzo ni kalenda.

Mwalimu hawezi kukusanya data shuleni mpaka barua ya chuo ipite kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke wilayani na kwenye halmashauri, ndipo imfikie mkuu wa shule. Pendekezo la utafiti likipitishwa Julai, vibali huweza kutoka Septemba, darasa la saba wakiwa kwenye mtihani wa taifa. Novemba ni zamu ya kidato cha nne. Desemba shule zimefungwa. Anasubiri Januari, vipindi vyake vikiendelea, na chuo kinamdai ada ya muda wa ziada.

Nashauri vyuo vikamilishe utetezi wa mapendekezo ya utafiti kabla ya Novemba kwisha, barua za vibali zitoke Desemba, na data ikusanywe kati ya Februari na Aprili. Masomo ya ana kwa ana yabaki likizo za Juni na Desemba. Wakurugenzi wa halmashauri nao watoe ruhusa ya siku kumi za utafiti, tena kwa maandishi. Ruhusa ya mdomo hupotea mkuu wa shule akihamishwa.

Mdau wa elimu,
Morogoro