Salamu za Sherehe ya Kristo Mfalme: Mlio Uliotoka Mexico

Tumsifu Yesu Kristo!

Ndugu wapendwa, tunapoufunga Mwaka wa Kanisa na kukaribia Majilio, nawatakia nyote heri ya Sherehe ya Bwana Wetu Yesu Kristo, Mfalme wa Ulimwengu. Najua wengi wenu mmekwisha kufagia njia ya maandamano ya Ekaristi, na wanakwaya sauti zimewakauka kwa mazoezi ya jioni. Naomba basi mnivumilie kidogo, kwa sababu wiki hii nimeitazama upya filamu ya For Greater Glory ya mwaka 2012, inayosimulia uasi wa Wakatoliki wa Mexico walioitwa Cristeros, na tangu hapo kila ninaposikia jina la Kristo Mfalme likiimbwa nasikia ndani yake mlio wa watu waliolitamka wakiwa wameelekezewa bunduki.

Sherehe hii ilianzishwa na Papa Pius XI kwa waraka wake Quas Primas wa Desemba 11, 1925, lakini Wamexico walikuwa wametangulia, kwani mwaka 1923 waliweka jiwe la msingi la mnara wa Kristo Mfalme juu ya kilima cha Cubilete, na serikali ikamfukuza nchini mjumbe wa Papa aliyelibariki. Katiba ya mwaka 1917 ilikuwa tayari imepiga marufuku nadhiri za kitawa na kuwanyima mapadre haki ya kupiga kura. Rais Plutarco Elías Calles akaipa meno katiba hiyo kwa sheria ya adhabu iliyoanza kutumika Julai 31, 1926, na siku hiyohiyo maaskofu wakasitisha ibada zote za hadharani. Katika siku za mwisho watu walifurika makanisani kubatiza watoto na kufunga ndoa kabla mapadre hawajaondoka altareni.

Hapo ndipo fikra zangu hukwama. Tumezoea kulalamika kwamba Misa ya kwanza ni ya alfajiri mno na ya pili ina mahubiri marefu. Wale wenzetu walikaa takribani miaka mitatu bila Misa ya hadharani, wakiungama jikoni mwa jirani na kukomunika usiku nyuma ya mapazia yaliyofungwa, huku padre akiingia nyumbani kwa mavazi ya fundi au ya mfanyabiashara. Wanawake wa Brigedi za Mtakatifu Yoana wa Arc, zilizoundwa mwaka 1927, walishona fulana zenye mifuko ya siri na kusafirisha risasi miilini mwao hadi kwa Cristeros waliokuwa wakipigana milimani.

Filamu inasisimua, na Peter O'Toole akiwa padre mzee anayekataa kukimbia ananiliza kila mara. Hata hivyo haikuficha yasiyopendeza, nami naishukuru kwa hilo. Aprili 19, 1927, kikosi kilichoongozwa na padre, José Reyes Vega, kilishambulia treni na kuichoma moto, na abiria wengi wasio na silaha wakateketea ndani yake. Waliofanya hivyo nao walikuwa wakipaza sauti ileile: Viva Cristo Rey, aishi Kristo Mfalme!

Kwa hiyo nimejiuliza Kanisa limesikia nini katika mlio huo, na jibu nimeliona katika majina liliyoyachagua. Padre Cristóbal Magallanes, aliyehubiri na kuandika dhidi ya kushika silaha, akauawa hata hivyo Mei 25, 1927 kwa tuhuma za kuchochea uasi, alitangazwa mtakatifu mwaka 2000. Padre Miguel Pro, Mjesuiti, alituhumiwa kushiriki shambulio la bomu, akapigwa risasi jijini Mexico Novemba 23, 1927 bila kufikishwa mahakamani, mikono ameinyoosha kama msalaba. Serikali ilialika wapiga picha ili waumini waogope, na picha zile zikageuka kuwa picha takatifu zilizowekwa ndani ya vitabu vya sala. Asubuhi hiyohiyo, mahali hapohapo, aliuawa pia mhandisi Luis Segura Vilchis, ambaye kweli alikuwa amepanga shambulio hilo la bomu dhidi ya Jenerali Álvaro Obregón, rais wa zamani. Pro ni mwenyeheri tangu mwaka 1988, mhandisi siye. Sisemi kwamba mhandisi hakuwa na imani, wala simhukumu mkulima wa jimbo la Jalisco aliyechukua bunduki baada ya kuona kanisa lake limegeuzwa zizi la farasi. Nasema tu kwamba Injili ya sherehe hii katika Mwaka B, mmoja wa miaka mitatu ya mzunguko wa masomo ya Misa, ni ile ya Yesu mbele ya Pilato, anaposema kwamba kama ufalme wake ungekuwa wa ulimwengu huu, watumishi wake wangempigania.

Yupo pia kijana José Sánchez del Río wa mji wa Sahuayo, mshika bendera wa Cristeros mwenye miaka 14, aliyempa kamanda wake farasi ili aokoke, naye akakamatwa. Walimchuna nyayo, wakamtembeza kwa miguu hadi makaburini, na Februari 10, 1928 wakamuua kwa sababu alikataa kumkana Kristo. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu Oktoba 16, 2016.

Mapatano ya Juni 1929 kati ya Kanisa na serikali yalirudisha Misa na kengele, ingawa wapiganaji wengi waliosalimisha silaha waliuawa baadaye, na sheria zenyewe hazikurekebishwa hadi mwaka 1992.

Kumbukumbu ya Mwenyeheri Pro, Novemba 23, daima hukaribiana na sherehe yetu. Wenye nafasi jioni baada ya maandamano waitazame filamu hiyo pamoja na vijana wa jumuiya zao, ila sehemu ya kijana José wadogo wasiione. Nawaombea wagonjwa watakaoufuata msafara kwa macho tu kutoka madirishani, nawaombea wazee na watoto wa Komunyo ya Kwanza watakaotangulia kumwaga maua.

Heri ya sherehe, ndugu zangu. Aishi Kristo Mfalme!