Kwa nini ada ya kutoa pesa tunakata, na chenji hatukati

Kondakta analeta noti ya 10,000, anataka sarafu. Kwa wauza chenji wa stendi huondoka na pungufu, tuseme 9,500. Kwetu, mawakala wa pesa za simu, anahesabiwa sarafu hamsini za mia mbili, 10,000 kamili. Ndipo swali linapokuja: mbona kwenye simu mnakata?

Ada ya kutuma au kutoa ni ujira wa kazi. Mtandao unafikisha fedha, wakala anakaa na floti (fedha anazotenga kuhudumia wateja) na kuhesabu noti, na hakuna aliyemkopesha mwenzake. Sharti lake ni kiwango kijulikane kabla, ndiyo maana bango la ada limebandikwa dirishani. Kamisheni yetu inatoka kampuni ya simu. Wakala anayekudai mia tano ya juu, nje ya bango, anakula kisicho chake.

Chenji ni fedha kwa fedha. Katika hadithi ya Mtume (s.a.w.) aliyoipokea sahaba wake Ubada bin Swamit, dhahabu kwa dhahabu ni sawa kwa sawa, mkono kwa mkono, na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Amman mwaka 1986, liliamua noti zina hukumu hiyohiyo. Basi shilingi kwa shilingi zilingane, zikabidhiwe papo hapo. Noti iliyochanika ya 5,000 kununuliwa kwa 4,000 imo humohumo; ipeleke benki. Wapo wanazuoni walioruhusu tofauti baina ya karatasi na sarafu, kwamba ni aina mbili tofauti za mali. Sisi tumeshika tahadhari. Ukitaka sarafu zikufuate kituoni, unalipa bodaboda tu, bei ileile kwa 10,000 au 200,000.

Panapoharibika hasa ni jioni: "Niwekee 20,000 kwenye simu, kesho nakupa 21,000." Hiyo 1,000 ni riba, hata ukiiita ya soda, maana mmeshapatana. Tukikuwekea, utarudisha 20,000. Ni kweli Mtume (s.a.w.) alilipa ngamia bora kuliko aliyemkopa, ila halikuwa sharti. Mteja anayetuzidishia kila akikopa tunamrudishia, kwa sababu mazoea nayo huhesabiwa sharti. Deni lenyewe linaandikwa daftarini: jina, kiasi, siku ya kulipa, na saini yako pembeni.