Mwanangu, tiketi msikate kwanza

Mtwara, 28 Januari 2025

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, alhamdulillah. Baba yako anakusalimu, goti lake ni lile lile na ubishi wake ni ule ule. Korosho zimeshauzwa na pesa yenyewe imeshapata shughuli.

Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu hatufiki mbali. Juzi umeniambia, "Mama, usije Bukoba kunilea uzazi, kuna ugonjwa huku." Jana mumeo kaniletea ujumbe kwamba kapata nafasi ya ndege kwa bei nzuri, nimruhusu akate kabla haijapanda. Leo asubuhi mjomba wako kapita hapa barazani, kaomba chai, kakaa, kaanza kunikumbusha ile ndege iliyoanguka ziwani hapo Bukoba Novemba 2022, watu 19 wakapoteza maisha. Mjomba wako ukimuuliza homa, atakujibu ajali. Kila mtu kaja na hofu yake, yangu hakuna aliyeiuliza.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia nini. Tarehe 20 mwezi huu Rais Samia alitangaza, Dokta Tedros wa Shirika la Afya Duniani akiwa kando yake, kwamba Marburg, ile homa kali ya virusi inayoua, imethibitika mkoani Kagera, wilaya ya Biharamulo. Mgonjwa mmoja alikutwa na virusi. Washukiwa wengine 25 walipimwa wakakutwa hawana. Siku chache kabla ya hapo tulikuwa tumeambiwa vipimo havikuonesha kitu, ndiyo maana watu huku mtaani wanatikisa vichwa. Mimi nafuata kilichotoka maabara. Yale ya magrupu ya WhatsApp, ya "kuna daktari kasema", nayaacha yapite. Biharamulo si Bukoba mjini, nalijua hilo. Lakini mkoa ni mmoja na mabasi yanakwenda na kurudi kila siku, kwa hiyo sikuambii kwamba hakuna jambo.

Wala si mara ya kwanza. Machi 2023 ilitangazwa hapo hapo Kagera, wakaugua watu 9, wakafa 6, na tarehe 2 Juni mwaka huo huo ikatangazwa kwisha. Mtu anaweza kuzisoma hizo namba akatetemeka, maana kati ya kila wagonjwa watatu walikufa wawili. Mimi nikizisoma naona pia kwamba walikuwa 9, si 900. Ugonjwa unaokwenda kwa pumzi haukomi kwenye watu 9.

Na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la ndege. Umeniuliza kama ndege ni salama. Kwa ugonjwa upi? Machi 2003, wakati wa SARS, ile homa kali ya mapafu, ndege moja ilitoka Hong Kong kwenda Beijing ikiwa na abiria mmoja mgonjwa. Baadaye watu zaidi ya 20 waliokuwa humo walionekana wameambukizwa, wengine walikuwa wamekaa mistari kadhaa mbele yake. Korona nayo unaikumbuka. Mgonjwa wa kwanza kutangazwa Tanzania, tarehe 16 Machi 2020, alikuwa ameshuka uwanja wa Kilimanjaro siku moja tu kabla, akitokea Ubelgiji, na kipimajoto cha uwanjani hakikumnasa. Magonjwa ya namna hiyo mtu anaweza kuyagawa kabla hajajijua. Ingekuwa ni hilo, nisingepoteza karatasi. Ningemwambia mumeo asahau habari ya tiketi.

Marburg haiendi hivyo. Inapita kwenye damu, matapishi, choo, jasho na majimaji mengine ya mtu aliyekwisha kuugua, au kwenye maiti yake, au kwenye shuka na nguo alizochafua. Toka kuambukizwa hadi kuona dalili ni siku 2 hadi 21, na katika siku hizo za kuwa mzima hamwambukizi mtu. Anayeambukiza ni yule aliyeanza kuumwa, na kadiri anavyozidiwa ndivyo hatari inavyozidi kwa wanaomshika.

Utaniambia, je, mgonjwa akipanda ndege? Inatokea. Julai 2014 bwana mmoja kutoka Liberia alisafiri kwa ndege hadi Lagos akiwa na Ebola, ambayo na Marburg ni ndugu, akaanguka pale uwanjani. Nigeria ikapata wagonjwa 20, wakafa 8. Walioambukizwa naye ni waliompokea na kumshika, na waliomhudumia hospitali. Alikuwamo Dokta Ameyo Adadevoh, aliyegoma kumwachia atoke wodini pamoja na shinikizo lote, akauepusha mji ule na balaa kubwa zaidi, kisha ugonjwa ukamchukua yeye. Abiria waliokaa naye ndani ya ndege hawakuugua. Kisa hiki kwangu kina uzito kuliko maneno yote ya barazani.

Kwa hiyo ndege siiogopi. Wapo wanaosema hewa ya ndani ni ile ile inazunguka. Kwenye ndege kubwa za kisasa hewa inabadilishwa kila dakika mbili tatu. Nusu inatoka nje, nusu inapita kwenye vichujio vinavyonasa hata virusi. Hizi za panga boi si lazima ziwe na vichujio hivyo, na ndege yoyote ikiwa imesimama injini zimezimwa hewa haiendi vizuri. Barakoa nitavaa, lakini nitaivaa kwa ajili ya mafua na vikohozi vya watu, maana sitaki nimfikie mtoto mchanga na kifua. Kwa Marburg silaha ni sabuni na kutoshikana na mgonjwa.

Baba yako yeye anataka nije kwa basi, eti chini ni chini. Nimemwambia achukue ramani. Hapa hadi Dar ni kilomita zaidi ya 550, na Dar hadi Bukoba ni zaidi ya mara mbili ya hizo. Mei mwaka jana kimbunga Hidaya na mvua zake viliikata barabara yetu ya Lindi kwenda Dar, watu wakakwama, na masika mengine hayo yanakuja. Halafu ni usiku kwa mchana na mtu kakulalia begani, vyoo vya njiani, na mtoto wa mwenzio akitapika mimi ndiye wa kwanza kunyoosha mikono kumpokea, unanijua. Na basi lenyewe la Bukoba linapita wapi? Biharamulo! Aliponyamaza nikajua tumeelewana.

Sasa nikuambie ninachokiogopa. Naiogopa kazi inayonileta.

Nakuja kukuogesha maji ya moto, kukukanda, kufua nguo zenye damu ya uzazi, kumsafisha mtoto. Hakuna kazi ya ndani ya nyumba inayokutana na damu na majimaji ya mtu kama hiyo. Wewe ukitoka wodini salama, mimi niko salama. Wodi ikiwa na tatizo, glovu zangu mbili tatu za kubeba toka Mtwara hazitatuokoa. Ugonjwa huu unajificha hospitali. Mwaka 2023 wahudumu wa afya walikuwamo miongoni mwa waliougua, na mimi nimefanya uuguzi hadi nikastaafu, najua mchana wa wodi iliyoelemewa unavyokuwa.

Kwa hiyo, kabla ya ndege, nataka unifanyie ukaguzi. Ukienda kliniki wiki hii usikae tu benchi ukichezea simu. Tazama ndoo ya koki mlangoni: ina maji, na sabuni ipo au ni kipande kilichokauka miezi? Mtazame nesi akitoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine, anabadilisha glovu au anakwenda nazo zile zile? Tazama anavyozivua. Anayejua anashika ya kwanza kwa nje karibu na kifundo, anaivuta inageuka ndani nje, anaikunja kwenye kiganja kilichobaki na glovu, halafu anaingiza kidole kwa ndani ya ile ya pili na kuivuta juu ya mwenzake, zote zinakuwa kifurushi kimoja, kisha ananawa. Anayeng'oa kwa kurusha, huyo ana haraka, na haraka ndiyo inayoambukiza. Uliza kwa adabu mwenye homa na anayetokwa damu wanapokelewa wapi. Wakikuambia wana chumba chao mbali na wajawazito, nitalala. Usione haya kuuliza. Wauguzi wazuri hawakasiriki wakiulizwa.

Mambo mengine unayajua, nayapitisha haraka. Misiba usiende kushika maiti wala vitu vyake, salamu za rambirambi zitumwe kwa simu. Popo wanaokula matunda ndio wanaobeba virusi hivi, kwa hiyo tunda lililoumwa litupwe, na mumeo asiende na wenzake kwenye mapango kwa sababu yoyote ile. Homa ikikupanda usisubiri, pigeni 199, ni bure.

Lipo na la kurudi, ambalo ninyi vijana hamlifikirii. Unakumbuka Julai 2022 kule Ruangwa, watu walipoanza kutokwa na damu puani? Nilikuwa bado kazini Lindi. Kabla majibu hayajatoka kila mtu alikwisha sema ni Ebola. Ndugu wakawakimbia ndugu, na aliyetoka Ruangwa akipiga hodi watu wanajifanya wamelala. Mwisho Waziri wa Afya akatangaza kuwa ni homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria unaotokana na mikojo ya wanyama, panya wakiwemo, wala haikuwa Ebola. Wagonjwa walikuwa 20 na waliofariki 3. Nami nikitoka Kagera najua nitakavyotazamwa hapa mtaani. Hilo naliweza.

Lakini kuna jambo ambalo si la kutazamwa. Mimi ni mmoja wa wanawake wanaoosha maiti hapa kwetu. Nikishuka kwenye ndege leo, kesho wakaja kunigongea alfajiri, siwezi kusema nimechoka na safari. Nimeshazungumza na mkubwa wetu wa kazi hiyo kwamba nikirudi nitakaa siku 21 bila kuosha mtu wala kumuuguza mtu wa nje, nipime joto asubuhi na jioni. Hakuna anayenilazimisha, na kama sikugusana na mgonjwa, kitaalamu wala si lazima. Nimeamua kwa sababu mikono yangu inapita kwenye nyumba za watu wengi mno. Kaniangalia, kasema, "Nenda kamlee mwanao, sisi tupo."

Haya, suala la tiketi ni hivi. Mumeo asikate ile ya bei rahisi isiyobadilishika; tofauti ya bei nitaichangia kwenye pesa ya korosho, asione aibu. Asubiri hadi tarehe 10 Februari. Siku hiyo ikiwa hakuna mgonjwa aliyethibitika Bukoba mjini wala kwenye hospitali utakayojifungulia, akate, na ya kurudi iwe inasogezeka, kwa sababu serikali ikizuia safari ghafla nataka nizuiwe nikiwa kwako na si katikati ya njia. Akithibitika hata mmoja hapo mjini, siji, na usinililie. Mama mkwe wako amezaa na amelea, maji ya moto anayajua, nitampigia mimi mwenyewe nimwombe. Na nikiamka na homa siku zile za mwisho, hata iwe malaria yetu hii ya kila siku, siji pia, maana kipimajoto cha uwanjani hakiulizi ni homa ya nini, na sitaki kulazwa chumba cha peke yangu Dar huku wewe una uchungu Bukoba.

Mambo yakienda sawa Ramadhani itanikuta huko. Nitafunga, usianze kunibishia.

Mwambie mumeo anipigie Ijumaa baada ya swala, asipige usiku, maana baba yako akiwa karibu simu inageuka mkutano. Wewe nisubirie majibu ya kliniki. Na uniambie kama pilipili manga nzuri ya uji inapatikana hapo sokoni au nibebe.

Mama yako