Wanaoanza kuandika programu waanzie kwenye fankisheni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie walimu wenzangu wa kompyuta hapa Mombasa. Vijana wetu, kuanzia Kisauni hadi Likoni, husomeshwa programu kana kwamba data ni ndoo ya kujazwa na kumwagwa na yeyote apitaye. Nami nilisomeshwa hivyo. Nilipoandika programu ya kutunza madeni ya wateja wa duka moja la jumla, sehemu zake mbili zikawa zinaibadilisha orodha ileile bila kupeana habari, na nilikesha siku tatu nikitafuta ni ipi iliyofuta deni la mteja ambaye hakuwa amelipa hata shilingi.

Katika mtindo wa fankisheni, yaani vipande vya programu vinavyopokea thamani na kurudisha thamani mpya bila kuigusa ya kwanza, kosa la namna hiyo hukosa pa kupenyea. Chukua bei tatu za sokoni Kongowea, shilingi 80, 120 na 150, uzipitishe kwenye fankisheni inayoongeza 20: utapewa orodha mpya ya 100, 140 na 170, na ukiifungua ile ya kwanza utaikuta kama ulivyoiacha. Wala huu si mtindo wa jana, maana Lisp, lugha ya programu ya John McCarthy, ilianza mwaka 1958, juu ya hisabati ambayo Alonzo Church aliiweka katika miaka ya 1930.

Wengi huvunjwa moyo na vifaa kabla hawajaifikia fikra yenyewe. Anayeanza moja kwa moja na Haskell, lugha ya mtindo huu, hutakiwa kupakua kompaila (inayoigeuza programu iweze kuendeshwa na kompyuta) na zana zake kwa kisakinishi cha GHCup, mzigo unaokula zaidi ya gigabaiti moja ya diski, ilhali kijana mwenyewe ananunua bando ya siku. Kwa hiyo napendekeza Racket, lugha nyingine inayofaa mtindo huu. Programu yake ya kuandikia, DrRacket, ni ya bure na dirisha lake ni moja: juu unaandika fankisheni, chini unaijaribu na jibu linatokea papo hapo. Ina pia lugha ndogo za wanaoanza, ambazo humweleza mwanafunzi kosa lake kwa maneno ya kiwango chake. Ikishapakuliwa mara moja, mwalimu huibeba kwenye flashi na kuiweka katika kompyuta zote za darasa bila intaneti.

Nawasihi walimu wenzangu wajaribu hivyo kwa mwezi wa kwanza tu wa masomo, kabla ya kumfundisha mwanafunzi namna ya kubadilisha thamani iliyokwisha kuwekwa. Haskell atakutana nayo baadaye, akiwa tayari anajua anachokitafuta.

Mwalimu wa kompyuta,
Kisauni, Mombasa