Mabadiliko: Msikiti wa Süleymaniye sasa ni Alhamisi

Assalaam aleikum na habari za jioni, ndugu zangu.

Ile ziara yetu ya Ijumaa ya Msikiti wa Süleymaniye, hapa Istanbul, nimeihamishia Alhamisi. Ijumaa mchana msikiti hujaa waumini na watalii hawaingii, nami sipendi tusimamishwe mlangoni.

1. Tukutane mapokezi ya hoteli saa 3:00 asubuhi. Tutapanda metro hadi kituo cha Vezneciler, kisha tutembee. Tuwe tumetoka ndani kabla ya adhuhuri.

2. Kina mama na dada, mtandio wa kufunika nywele na nguo ndefu. Kina baba, suruali ndefu, kaptula hapana. Viatu vinavuliwa, kwa hiyo vaeni soksi safi.

3. Kiingilio ni bure. Mchango ni dola 15 kwa kila mtu, wa nauli na chakula cha mchana. Ng'ambo ya msikiti kuna mikahawa ya maharage, na wapenzi wa maharage mtafurahi sana!

Naomba tusiharakishe. Msanifu majengo Mimar Sinan aliujenga msikiti huu kati ya 1550 na 1557 kwa amri ya Sultani Süleyman wa Dola ya Osmani, ambaye amezikwa bustanini nyuma, karibu na mkewe Hürrem. Mkiingia, simameni chini ya kuba mtazame juu: ni kama mita 53. Picha ruhusa, ila msiwapige picha wanaosali.

Mzee wetu mwenye maumivu ya magoti, nitakuitia teksi, usijali.

Tafadhali kila mmoja aandike "NIPO" au "SIPO" hapa kabla ya kesho saa 2:00 usiku, na mchango anikabidhi mkononi.